KENNEDY: Jina la "Kichwa Kibaya" lililovuka bahari mpaka Bongo

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na ile mada ya mabinti wanaokopa nguo za kwendea harusini, lakini naomba unisamehe, hiyo tuiweke kiporo kwanza. Wiki hii limenikuta jambo, na kama nisipolitoa kifuani nitapasuka.

Basi bwana, Jumatatu asubuhi nimejipigilia, shati limenyooka, kiatu kinang'aa, bahasha kwapani, naelekea kwenye ofisi moja hapa hapa mjini (jina naliweka kapuni) kukamilisha mambo ya kibarua cha utunza stoo. Usaili nilishapita, kilichobaki ni kupeleka vyeti tu. Nafika dirishani, nampa mama mmoja wa makamo shikamoo yake, ananiitikia vizuri kabisa, anachukua karatasi zangu. Anaangalia moja. Anaangalia nyingine. Anavua miwani, anavaa tena.

"Mwanangu, hawa ni watu wawili."

"Watu wawili vipi tena mama?"

"Cheti cha kuzaliwa kinasema Kennedy. Cheti cha kidato cha nne kinasema Kenedy. Huyu ana 'n' mbili, huyu anayo moja. Mimi nitajuaje kama ni wewe?"

Nikamwambia mama yangu, mimi ndiye huyo huyo, hiyo 'n' moja imedondoka tu njiani wakati wa kuandikisha majina ya mtihani. Akacheka kidogo, kisha akanirudishia bahasha. Nikale kiapo kwa wakili, nirudi na hati kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Msomaji wangu, kijana amekaa benchi miaka mitatu tangu amalize shule, anaishi kwa vibarua na hivi visenti vya kalamu, halafu anakuja kukwamishwa na herufi moja! Na siyo herufi ya jina la babu yangu wala ya ukoo wangu. Ni herufi ya jina la Wazungu!

Nikatoka pale nimenuna. Jioni kijiweni washikaji wakaanza kunicheka, mara "Rais wa Marekani umekosa kazi ya stoo?", mara "Mpigie simu mjomba wako White House." Hapo ndipo nikasema ngoja, hili jina lililonitia soo ni la nani hasa? Nikazama maktaba, nikazama kwenye simu mpaka bando likakata, na niliyoyakuta ndiyo nakuletea leo.

Kwanza kaa vizuri kwenye kiti. Kennedy siyo jina la Kimarekani. Hata Kiingereza siyo. Ni jina la Ireland, kile kisiwa kilichokaa magharibi ya Uingereza, na kwa lugha yao wenyewe linaandikwa Ó Cinnéide. Hiyo 'c' isome kama 'k', utapata kitu kama "Kinedye". Ile 'Ó' ya mbele maana yake ni mjukuu, au uzao wa fulani. Wenzao wanaoanza na 'Mac' wao ni mtoto wa fulani. Kwa hiyo ni kama wale ndugu zetu wa Mbeya na ile 'Mwa' yao, au Wakalenjini wa Kenya wanavyosema 'arap', au watu wa Pwani na 'bin'. Na mabinti wa Ireland nao wana yao: msichana wa ukoo huu haitwi Ó, anaitwa Ní Chinnéide, na mke aliyeolewa humo ni Uí Chinnéide. Yaani ukisikia jina tu unajua huyu ni wa kuzaliwa au wa kuolewa. Wale wazee wa posa huku kwetu wangeokoa maswali mengi.

Sasa Cinnéide mwenyewe ndiye nani? Hapa ndipo palipowavunja mbavu washikaji. Kwa Kiireland 'ceann' ni kichwa. Hiyo sehemu ya pili wengi wanasema ni 'éidigh', yaani kibaya, chenye sura mbaya. Jumlisha mwenyewe: KICHWA KIBAYA! Wapo wanaotetea kwamba ni 'éide', vazi la vita, kwa hiyo jina linamaanisha mtu mwenye kofia ya chuma, askari wa nguvu. Mimi, kwa sababu ambazo unazielewa, niko upande wa kofia ya chuma. Ila usishangae hiyo ya kwanza, maana hata huku kwetu wapo watu wazima wanaoitwa Matatizo, Sikujua na Tabu, na wanaitika.

Mtu wa kwanza mkubwa mwenye jina hilo alikuwa Cennétig mac Lorcáin, mfalme wa watu walioitwa Dál gCais, maeneo ya mto Shannon, ambako leo ni wilaya ya Clare. Alifariki mwaka 951. Mzee huyu ndiye aliyemzaa Brian Boru, na kama humjui Brian Boru basi elewa kuwa kwa Waireland ni kama Mkwawa kwa Wahehe, tena zaidi. Alianza na ukoo mdogo tu, akapiga huyu, akapiga yule, mpaka akawa mfalme wa kisiwa kizima, na akauawa Ijumaa Kuu ya mwaka 1014 kwenye vita vya Clontarf, karibu na Dublin. Wajukuu wa Brian wakawa akina O'Brien. Akina Ó Cinnéide wao, wataalamu wa nasaba wanasema, wametoka kwa mtoto wa Donnchuan, ndugu yake Brian, ambaye alirithishwa jina la babu yake. Yaani O'Brien na Kennedy ni mtu na binamu yake.

Na ujue Waireland ni kati ya watu wa mwanzo kabisa Ulaya nzima kuwa na majina ya ukoo ya kurithishana. Kuna mkubwa mmoja wa ukoo wa Ó Cléirigh, ndio akina Cleary wa leo, aliyeandikwa kwa jina hilo alipofariki mwaka 916. Wakati huo Waingereza walio wengi bado wanaitana kwa jina moja tu, ukiwa na watu kumi wa jina moja kijijini shauri yako.

Basi akina Kennedy wakaanzia Clare. Mpaka leo kuna parokia huko inaitwa Killokennedy, maana yake kanisa la akina Kennedy. Baadaye wakasukumwa na majirani, wakavuka mto Shannon kwenda mashariki, wakaweka makazi kaskazini ya Tipperary, sehemu iliyoitwa Ormond, karibu na mji wa Nenagh. Huko walitesa kwa miaka mingi, wakajenga maboma ya mawe, wakagawanyika matawi matatu: Fionn, Donn na Rua. Ukitafsiri unapata Weupe, Kahawia na Wekundu, nadhani ni kwa rangi ya nywele. Ngome yao mojawapo inaitwa Lackeen. Karne ya 18 ndani ya ukuta wa ngome hiyo kilikutwa kitabu cha misa cha zamani sana, kimehifadhiwa kwenye kasha la madini, na kwenye kasha kumechorwa maombi ya kumwombea Pilib Ó Cinnéide, mfalme wa Ormond, pamoja na mkewe Áine. Fikiria mtu amekufa karne ya 14, ukoo umenyang'anywa ardhi, ngome imebaki gofu, lakini jina limo ukutani limetulia tuli linasubiri kusomwa. Na halikukosewa herufi!

Maana ya kunyang'anywa ni nini? Waingereza, nani tena. Mwaka 1465 walipitisha sheria kwamba Waireland wanaoishi kwenye maeneo yaliyo chini yao waache majina yao, wachukue ya Kiingereza: la mji, kama Sutton au Cork, au la rangi kama White na Brown, au la kazi kama Smith, Carpenter, Cook. Kwa hiyo siyo kila 'Brown' unayemwona ana asili ya London, mwingine babu yake alilazimishwa. Karne ya 17 ndiyo ikawa mbaya zaidi. Jeshi la Cromwell lilipita miaka ya 1649 mpaka 1653, wenye ardhi Wakatoliki wakapokonywa, akina Kennedy wa Ormond wakiwemo. Ukishakuwa mpangaji kwenye shamba la baba yako, ile 'Ó' ya mbele inakuwa mzigo. Inakutangaza. Karani anaandika kwa Kiingereza, hasikii lugha yako, wala haoni haja ya kukuuliza mara mbili. Ó Cinnéide akawa O'Kennedy, O'Kennedy akawa Kennedy, wengine wakaishia Kenedy.

Hapo msomaji nikaacha kusoma kidogo. Kenedy, 'n' moja! Yaani yule aliyekosea jina langu kwenye cheti hakukosea kitu kipya, walishamtangulia wenzake zamani sana.

Mwishoni mwa karne ya 19, Waireland walipoanza kurudisha heshima ya lugha yao, koo nyingi zilirudisha 'O' zao. Ndiyo maana leo akina O'Sullivan na O'Connor wamejaa. Ila akina Kennedy wengi hawakurudisha, sijui waliona imeshakuwa mazoea. Hesabu za majina ya mwaka 1890 ziliwaweka nafasi ya 16 kwa wingi Ireland nzima, nyuma ya akina Murphy, Kelly, Sullivan na wengineo. Siyo ukoo mdogo.

Sasa usije ukakutana na Kennedy yeyote ukadhani ni wa Tipperary. Wapo akina Kennedy wa Uskochi, kusini-magharibi huko Ayrshire, na hao ni habari nyingine. Nao ni watu wa Kigaeli, jina ni lile lile, lakini ukoo wao una historia yake. Hawa walikuwa mabwana wakubwa, mwaka 1509 wakapewa cheo cha Earl wa Cassillis. Ukitaka kujua walikuwa watu wa aina gani, sikia hii. Mwaka 1570 Earl wa nne, Gilbert Kennedy, alikuwa anaitaka ardhi ya abasia ya Crossraguel. Aliyekuwa anaisimamia, Allan Stewart, akakataa kusaini. Gilbert akamkamata, akamfungia kwenye ngome yake ya Dunure, akampaka mafuta, akamuweka juu ya moto. Ndiyo, kama mishikaki! Jamaa akasaini. Hati ya kisheria kabisa, ina sahihi, sijui kama ilikuwa na mhuri wa wakili. Baadaye ukoo huo huo ulijenga kasri zuri sana la Culzean, juu ya genge la bahari, na mwaka 1945 lilipokabidhiwa kwa shirika la kuhifadhi mambo ya kale la Uskochi, wakatenga vyumba vya juu apewe Jenerali Eisenhower wa Marekani kama shukrani ya vita. Ndio hao hao pia waliovuka karne ya 17 kwenda kaskazini ya Ireland wakati Waingereza wanapandikiza walowezi. Ndiyo maana huko Ulster unakuta Kennedy Mprotestanti mwenye asili ya Uskochi, na kule Tipperary Kennedy Mkatoliki wa Brian Boru. Jina moja, na zipo nyakati wangekutana barabarani wasingesalimiana.

Mmoja wa hao wa kaskazini ni Arthur Kennedy, mzaliwa wa Cultra, wilaya ya Down. Huyu alizunguka dunia kama barua. Gavana Sierra Leone, gavana Australia Magharibi, gavana Hong Kong mwaka 1872 hadi 1877, akamalizia Queensland. Ukienda Hong Kong leo kuna mtaa mzima unaitwa Kennedy Town, na treni ya chini ya ardhi imefika huko tangu mwaka 2014. Washikaji wanaokwenda China kuleta mzigo wakipita huko wanipigie picha ya kibao. Australia nako kuna jimbo la uchaguzi la Kennedy, hilo ni la Kennedy mwingine kabisa, Edmund, mpima ardhi aliyeuawa kwa mikuki kule Cape York mwaka 1848 akitafuta njia kwenye nchi ya wenyewe.

Nadhani unajiuliza mbona sijamfikia yule mwenyewe. Tulia, ndiyo tunafika, na huko kuna majonzi.

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi Ireland. Kwa sisi tunaokula ugali leo na wali kesho, ni vigumu kuelewa, lakini masikini wa Ireland alikuwa anakula viazi asubuhi, mchana na jioni, mwaka mzima. Viazi vikaoza shambani. Mpaka kufika mwaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wamepanda meli kukimbia. Wakati huo huo vyakula vingine vilikuwa vinapakiwa bandarini kwenda Uingereza kuuzwa, hilo Waireland hawajalisahau mpaka leo na mimi siwalaumu.

Kati ya waliopanda meli alikuwepo kijana mmoja wa shamba la Dunganstown, karibu na New Ross, wilaya ya Wexford. Jina lake Patrick Kennedy. Alitua Boston mikono mitupu, akafanya kazi ya kutengeneza mapipa ya mbao, akamuoa Bridget Murphy, naye wa kwao. Boston ya siku zile matangazo ya kazi yalikuwa yanaandikwa wazi kwamba Muireland asijisumbue kuomba. Mwaka 1858 Patrick akafa, kwa kipindupindu, akamwacha Bridget na watoto, wa mwisho hata mwaka hajatimiza. Mama huyu ndiye ninayemvulia kofia. Hakuna anayemtaja, hana uwanja wa ndege kwa jina lake, lakini alifungua kiduka, akauza vikorokoro, akasomesha. Yule mtoto wa mwisho, Patrick Joseph, alikuja kumiliki baa, akaingia siasa. Mtoto wake, Joseph, akawa tajiri wa kutupa, mwaka 1938 akateuliwa balozi wa Marekani Uingereza. Na mtoto wa Joseph ni John Fitzgerald Kennedy, rais wa Marekani kuanzia Januari 1961. Vizazi vitatu tu kutoka kwenye mapipa mpaka Ikulu!

Juni 1963 Kennedy alikwenda Ireland, akafika New Ross, akanywa chai na binamu zake pale pale Dunganstown. Akawatania kwamba kama baba wa babu yake asingepanda meli, basi na yeye angekuwa anafanya kazi kwenye kile kiwanda cha mbolea cha pale. Miezi mitano baadaye, Novemba 22, 1963, akapigwa risasi Dallas.

Risasi ile ndiyo iliyonipa mimi jina.

Jumanne usiku nilimpigia simu mzee wangu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, kazi umepata?" Nikazunguka zunguka, nikamuuliza, baba, hili jina lako ulipewa na nani? Akanyamaza kidogo, kisha akaanza. Babu alikuwa ametoka Tukuyu kwenda kwenye mashamba ya mkonge Kilosa. Jirani yao kambini alikuwa na redio. Habari za Dallas zilifika, watu wakakusanyika kwenye mlango wa jirani kama msibani. Kumbuka mwaka ule ule mwezi wa Julai Mwalimu Nyerere alikuwa Washington, alipokelewa na Kennedy White House. Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, mpango alioanzisha huyo huyo Kennedy, walikuwa tayari Tanganyika wanapima barabara. Na miaka mitatu nyuma, 1960, mfuko wa familia ya Kennedy ulikuwa umetoa dola 100,000 kusafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, baada ya Tom Mboya wa Kenya kumfuata kuomba. (Hapa wengi huchomekea kwamba baba yake Obama alikwenda kwa hela hizo. Siyo kweli, alikwenda mwaka 1959, kabla ya hela hizo kutoka.) Kwa hiyo babu hakumwona Kennedy kama Mzungu wa mbali. Siku sita baada ya risasi, bibi akajifungua. Bibi alitaka mtoto aitwe jina la baba yake mzazi. Babu akasema huyu ni Kennedy, basi.

"Na jina la ukoo, baba?" nikauliza. "Sisi si akina Mwakalinga? Mbona haliko popote?"

Mzee akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Karani wa shamba la mkonge, akasema, alimuuliza babu: jina lako? Yohana. La baba yako? Petro. Akaandika Yohana Petro, akamwambia pita mbele. Tangu siku hiyo Mwakalinga akabaki Tukuyu. Baba akawa Kennedy Yohana. Mimi nikawa fulani Kennedy. Na mimi nikizaa, mwanangu atabeba jina langu, na Kennedy naye atabakia katikati, kisha atapotea.

Angalia mzunguko wake, msomaji. Jina la ukoo la Ireland likafika kwetu likawa jina la kwanza la mtoto wa mkata mkonge, halafu kwangu limegeuka tena jina la mwisho, kama vile nimezaliwa Tipperary. Na siko peke yangu. Nenda Kisumu, nenda Mwanza, nenda Bukoba, akina Kennedy wamejaa tele. Wengine tunao mtaani wala hatujui asili yao. Kevin unayemwona kijiweni, jina lake ni la mtakatifu wa Ireland aliyekaa bonde la Glendalough. Ryan ni ukoo wa huko huko Tipperary. Desmond ni jina la sehemu, kusini ya Munster. Brian ndiyo usiseme, huyo nimeshakueleza. Hata Obama, aliyetukaa Afrika Mashariki kifuani kwa sababu ya baba yake Mjaluo, upande wa mama ana mzee aliyetoka kijiji cha Moneygall, mpakani na Tipperary, mwaka 1850, wakati wa njaa ile ile. Mwaka 2011 alikwenda kijijini hapo akanywa bia, na wenyewe kwa utani walishaanza kumwandika O'Bama. Sasa wamejenga hapo kituo cha mafuta na chakula kando ya barabara kuu, kinaitwa Barack Obama Plaza. Ndugu zetu wa Kogelo wanasemaje?

Jumatano nikaenda kwa wakili. Ofisi ndogo, ghorofa ya pili, feni inazunguka kivivu. Shilingi elfu ishirini, nimekopa kwa dada yangu. Kijana wa pale akanipa fomu iliyokwisha chapwa, kazi yangu kujaza mapengo: mimi fulani, ninaapa kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Chini kukawa na mstari mwingine mtupu, kwamba niandike jina ambalo nataka nitambulike nalo kuanzia leo.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Yule kijana akadhani sijui kuandika, akaniuliza, "Nikusaidie, braza?" Nikaandika Kennedy, 'n' mbili, maana Ijumaa ilikuwa inakuja na stoo haisubiri historia. Halafu mbele yake, pale palipobakia nafasi, nikabana herufi zikawa ndogo ndogo, nikaandika Mwakalinga. Kijana akaangalia, akasema jina hilo haliko kwenye cheti chochote, litaniletea matatizo. Nikamwambia piga mhuri tu.

Alhamisi saa nne nilikuwa dirishani. Yule mama akasoma hati yote, akafika mwisho, akavua miwani.

"Na huyu Mwakalinga ni nani tena?"

Tukutane wiki ijayo, mambo ya nguo za kuazima yako pale pale.